Wageni wa Jioni kwenye Vibuyu vya Bibi Getruda

Bibi yangu Getruda hanywi maziwa yaliyokaa kwenye dumu. Ukimletea atakupokea vizuri, atakushukuru, atasubiri ugeuke, halafu atampa paka. Anasema dumu halisahau lilichobeba kabla, na yeye katika umri wake hawezi kunywa chai inayonukia mafuta ya taa. Maziwa yake yanakaa kwenye kibuyu cha shingo ndefu alichokiotesha mwenyewe, akakikausha, akakisafisha ndani kwa kokoto na maji ya moto, kisha akakifukiza moshi mpaka kikanukia vizuri. Ukijidai umemnunulia kibuyu pale sokoni Mwigobero, atakigonga kwa kifundo cha kidole, atasikiliza kidogo, na kabla hujakaa atakuambia kilivunwa kikiwa kibichi.

Mimi naitwa Hilda, ni fundi cherehani Musoma mjini, na katika wajukuu wake wote ndimi ninayemtania zaidi. Nilikuwa nikimwambia siku hizi watu wana friji, naye hunijibu kwamba bado hajaona mtoto aliyelelewa na friji akawa na adabu. Tunacheka, tunaendelea na kazi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi sikulitania, nalo ni mbegu.

Mbegu za vibuyu vile alikuja nazo siku alipoletwa Butiama kuolewa, amezifunga kwenye pindo la nguo. Mama yake alizipata kwa mama yake. Tangu hapo kila binti anayetoka nyumba ile kwenda kwa mume hutoka na kibuyu kimoja cha uzao huo. Bibi mwenyewe ndiye humkabidhi mbele ya watu, ndani yake mna maziwa ya ng'ombe wa Babu. Shangazi zangu wanavyo. Dada yangu Sabina anacho, yuko Mwanza ghorofa ya tatu, anakitumia kama pambo na Bibi hajui. Wote hao wamekwenda mahali ambapo huwezi kupanda hata mchicha, na majirani wa Bibi walishahamia kwenye madumu siku nyingi. Kwa hiyo mbegu zilibaki kwake peke yake. Na mimi ndiye binti niliyebaki kutoka, sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya ndoa, ilipangwa baada ya mavuno. Nilijifanya sijali sana mambo ya vibuyu, na haikuwa kweli.

Anavipanda nyuma ya zizi, penye mbolea, navyo hutambaa juu ya uzio wa zizi mpaka juu ya paa la jiko la zamani. Maua yake ni meupe, na mchana huyaoni vizuri kwa sababu yamejifunga. Hufunguka jua linapozama, na asubuhi unayakuta yamelegea. Bibi anayagawa mafungu mawili. Kuna maua matupu, halafu kuna maua yenye mimba, yale ambayo nyuma yake pana kibuyu kichanga cha kijani kinachoweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Hicho kichanga ndicho hukua kikawa kibuyu, kikikubali.

Sasa, masika mawili mfululizo havikukubali. Maua yalikuja mengi, meupe mazuri, na vichanga vikaonekana. Baada ya siku chache vikawa vya njano, vikalainika, vikaanguka chini kimoja kimoja mpaka vikaisha. Mwaka wa kwanza Bibi alivuna kibuyu kimoja kilichopinda ambacho hakikutoa mbegu za maana. Mwaka wa pili hakuvuna kitu.

Kwetu jambo hilo lina maelezo yake tayari, huna haja ya kutafuta mbali. Kibuyu kichanga hakionyeshwi kwa kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unakunja vidole na kuelekeza kwa ngumi. Ukikinyooshea kidole kitaoza na kuanguka. Nimelelewa nalo hilo, na mpaka leo nikiingia kwenye maboga ya mtu najikuta nimekunja ngumi kabla sijafikiri.

Na kweli kuna aliyenyoosha. Baba yangu mdogo Gody anafanya kazi ya kuchomelea vyuma Bunda, na watoto wake wanakaa kwa Bibi na Babu ili wasome shule ya pale kijijini. Binti yake mdogo anaitwa Naomi. Mwaka ule wa kwanza alikuwa hajaanza hata shule, na alikuwa nyuma ya zizi na Bibi alipokiona kichanga cha kwanza. Alifurahi, akakinyooshea kidole akiita wenzake waje waone. Bibi akaushusha mkono wake upesi, lakini akina mama waliokuwa wakipita kwenda kisimani walishaona. Vibuyu vilipoanguka, hakuna aliyempiga wala kumgombeza. Ilisemwa tu, kisimani na kwenye sala za jumuiya, kwamba mtoto wa Gody alinyoosha kidole. Mwaka uliofuata Bibi akaziba njia ya nyuma ya zizi kwa matawi ya miiba, watoto wote wakapigwa marufuku, na vibuyu vikaanguka vilevile. Mtu mwenye akili angesema basi mtoto ameonekana hana kosa. Watu walisema watoto huchungulia, na safari hii Naomi alikuwa mkubwa wa kuwasikia.

Nilifika Butiama masika ya tatu, siku chache kabla ya Pasaka, mvua ikiwa imeanza vizuri. Nilimkuta Bibi anapepeta mtama. Nikamuuliza habari za vibuyu, akaniambia amepanda mbegu zote zilizobaki, hajaacha hata moja kwenye kitambaa.

"Zisiposhika hizi zimekwisha," alisema. "Nitakukabidhi chupa ya chai, Hilda. Si ndiyo unazipendaga?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia anatania vibuyu, na utani ule sikuupenda. Nilikwenda nyuma ya zizi nikaangalia. Majani yalikuwa yamejaa, na vikonyo vya maua vilikuwa vimeanza. Nikarudi na roho nzito.

Jambo lingine kwenye boma lile, ambalo wakati huo sikulihusisha na lolote, ni taa ya Babu. Babu yangu Stanislausi aliwahi kuliwa ndama na fisi, ndama jike wa ng'ombe anayempenda kuliko wengine, na alikaa wiki nzima hasemi na mtu. Baba mdogo Gody akamletea kutoka Bunda taa kubwa ya sola, akaifunga juu ya nguzo ya zizi. Inajiwasha yenyewe giza likianza na inamulika mpaka barabarani. Fisi hakurudi tena. Babu aliipenda taa ile mpaka ikawa kero, kila mgeni lazima apelekwe aione. Bibi alichambulia dagaa kwenye mwanga wake. Watoto walikuwa na mchezo wao pale: nondo wakubwa wakija kwenye mwanga, wanawapiga kwa ndala wakishindana nani ameangusha wengi, na asubuhi kuku wanakimbilia chini ya nguzo kabla hata hawajamwagiwa pumba. Walinenepa kuku wale. Mimi mwenyewe nilimsifia Babu.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, mwalimu wa Naomi alinivuta pembeni. Anaitwa Mwalimu Prudence, msichana wa Bunda, mcheshi, lakini siku hiyo hakuwa anacheka. Akaniambia mtoto wetu ana akili, kazi zake za daftari zote ni vema, ila darasani amekuwa bubu. Alipoanza shule mwaka jana alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole akiulizwa swali. Siku hizi jibu analo, unaliona kabisa mdomoni, lakini mkono hauendi juu. Amemwita, amembembeleza, amempa peremende, wapi. Akauliza kama kuna shida nyumbani.

Nilisema hakuna. Njiani nikawa namwangalia Naomi anavyotembea mbele yetu na gauni lake la sikukuu nililomshonea mimi, na ndipo nikaona. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi. Alivuka dimbwi nao umekunjwa, akaokota kiatu cha mdogo wake kwa mkono wa kushoto. Nyumbani aliita kuku na kuwaelekeza bandani kwa ngumi. Alikuwa anakula vizuri na kuandika vizuri, lakini kidole cha shahada hakikunyooka kuelekea kitu chochote.

Jioni tulikaa wawili tunamenya viazi. Nikamuuliza taratibu, bila kumtazama, kwa nini hanyooshi kidole shuleni. Alimaliza kwanza kumenya kiazi alichoshika.

"Dada," alisema, "hiki kidole kinauaga vitu."

Niliacha kumenya. Kilichonijia kwanza kilikuwa hasira, na hasira yangu huwa haichagui pa kwenda. Nilimfuata Bibi jikoni nikamwambia yote kwa ukali ambao mjukuu haruhusiwi kuutumia. Nikamwambia bora angemchapa fimbo siku ile yakaisha, kuliko kumwacha mtoto miaka yote anatembea na mzigo wa vibuyu mkononi. Bibi hakunikemea. Aliendelea kusukuma kuni mekoni, moshi ukamwingia machoni, au sijui kama ulikuwa moshi.

"Sikumwambia kwamba ni yeye," alisema.

"Hukumwambia kwamba si yeye."

"Nikisema si kidole, Hilda, nitasema ni nini? Mimi mwenyewe sijui. Ningekuwaga najua ningelala."

 Nilirudi kwenye viazi vyangu nimenywea.

Wiki hiyo ya Pasaka ilinyesha kama mbingu zimechanika. Mvua zikianza saa za mchana zilikuwa zikikata jioni, lakini wingu halikuondoka, na paneli ya taa ya Babu haikuona jua. Siku ya kwanza taa iliwaka hafifu. Siku ya pili haikuwaka kabisa. Babu alizunguka nguzo mara kadhaa, akaigonga kwa fimbo, akampigia Gody simu kulalamika, akaambiwa asubiri jua. Boma likarudi giza lake la zamani, na watoto wakakosa mchezo.

Jioni moja kati ya hizo nilikuwa mlangoni mwa jiko la zamani na Naomi, mvua imekata, ardhi inanukia, giza ndiyo linaanza kuingia. Maua ya vibuyu yalikuwa yanafunguka juu ya uzio, unayaona yanazidi kuwa meupe kadiri kunavyozidi kuwa giza. Naomi akavuta kanga yangu. Akaelekeza kwa ngumi.

"Dada, videge vile."

Nilitazama. Kweli kulikuwa na kitu kimesimama hewani mbele ya ua moja, mabawa yakienda kasi mpaka huyaoni. Kikahama ua jingine, kikasimama tena. Kikaja cha pili, halafu vingine. Nilivuka ile miiba ya Bibi bila kujali kanga yangu, nikasogea karibu. Hawakuwa ndege. Walikuwa nondo, wale wakubwa wenye mwili mnene, na kila mmoja alikuwa amenyoosha ulimi mwembamba mrefu kuliko mwili wake mwenyewe, ameuingiza ndani ya ua anakunywa. Mmoja alipita karibu na uso wangu nikauona unga wa njano umemganda kichwani. Alitoka kwenye ua tupu akaingia kwenye ua lenye mimba, akaingia na unga wake.

Bibi alikuwa ametoka kukamua, amesimama nyuma yangu na kibuyu kikuukuu cha maziwa. Sikumsikia akija. Nilidhani atanisema kwa kuvuka miiba.

"Hao niliwasahau," alisema polepole. "Mama yangu alikuwaga anatukataza kupita nyuma ya zizi maua yakifunguka. Anasema msipite, kuna wageni. Nilifikiri anatutishia mizimu. Nilikuwa napita nakimbia, sijawahi kuangalia."

Tulisimama tukiangalia wote watatu. Na mimi nikiwa pale ndipo nilipotambua ninaowaangalia. Walikuwa ni walewale waliokuwa wakiangushwa kwa ndala. Ni walewale walionenepesha kuku. Miaka yote miwili, tangu Gody alipoileta, taa ilikuwa inawaka hatua chache kutoka kwenye maua, ikijiwasha saa ileile maua yanapofunguka, na wageni wa mama yake Bibi walikuwa wakiyapita maua kwenda kufa kwenye nguzo. Nikamwambia Bibi. Aligeuka akaitazama ile nguzo kwenye giza. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye unyevu, akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Basi si mtoto," alisema. "Gody ndiye alileta taa, na Gody hana kidole cha kufika hapa kutoka Bunda."

Nilimpigia simu jirani yangu wa Musoma, Jastin, anayefundisha sayansi sekondari, nikamweleza. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akasema ndiyo, mimea inayochanua usiku huwategemea sana nondo kubeba ule unga, bila unga vichanga huanguka, na taa kali huwavuruga nondo wasifike kwenye maua. Akasema pia naweza kuchukua ua tupu na kulisugua mwenyewe kwenye ua lenye mimba. Nilimfikishia Bibi ushauri huo. Akasema ameshaozesha watoto wake wote, hana nguvu za kuanza kuozesha maua.

Kufikia mwisho wa wiki vichanga vya maua yaliyofunguka jioni zile za giza vilikuwa bado vya kijani. Bibi alikuwa anakwenda kuviangalia asubuhi kabla ya kunawa uso. Sikuwahi kumwona na wepesi ule. Aliimba nyimbo za Pasaka akichota maji, tena zile za shangwe, na kwa sauti ya juu.

Halafu jua likarudi, na taa nayo ikarudi. Ilijiwasha jioni ile kwa nguvu zake zote. Tuliona nondo wanaacha maua na kuelekea kwenye nguzo, na kaka zake Naomi, Kulwa na pacha wake, tayari walishavua ndala. Bibi aliwanyang'anya ndala zote akaziweka jikoni. Kisha akamwendea Babu.

Yale mazungumzo hayakuwa mepesi. Babu alisikiliza yote, habari za nondo, za unga, za wageni, na mwisho akasema fisi hali kibuyu. Akamkumbusha ndama. Akauliza kama akina mama wa jumuiya watamlipia mwingine akiliwa kwa ajili ya kipepeo. Bibi alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Baba Gody, usiku ni wako," alimwambia. "Mimi nakuomba jioni tu. Tukimaliza kula na rozari, washa taa yako mpaka asubuhi. Na huyo si kipepeo, ni mgeni wa mama yangu."

 Babu alikula ugali wake akaenda kulala, na mimi nikalala na wasiwasi, maana mzee yule akikataa jambo hata padri humwacha. Lakini jioni ya pili yake, jua linazama, nilimwona anabeba kigoda kuelekea zizini. Kwanza aliifunika taa kwa gunia, upepo ukalivua. Alisimama pale juu ya kigoda anafikiri. Kisha akavua kofia yake ya pama, ile ambayo mjukuu akiigusa anasikia habari yake, akaivisha taa mpaka chini na kuifunga kwa kamba. Halafu akakaa kwenye kigoda mgongo umeegemea nguzo, rungu magotini, tochi mkononi, redio ndogo inaongea polepole, akalinda ng'ombe wake mwenyewe mpaka tulipomaliza rozari. Akaja kula amechelewa. Kofia ilikuwa imerudi kichwani, na taa inawaka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya boma. Watoto walipata mchezo mwingine, wa kukaa kimya nyuma ya uzio na kuwasubiri wageni. Kulwa alidai anamjua mmoja kwa sura na kwamba anakuja kila siku, tukamwacha aamini. Kuku walikonda kidogo wakarudi kwenye pumba zao. Jastin alikuwa ameniambia kwamba nondo hao utotoni ndio wale viwavi wakubwa wenye pembe nyuma wanaokula majani ya viazi vitamu. Watoto wakamletea Bibi mmoja juu ya jani. Bibi amekuwa akiwaponda viwavi hao kwa kisigino tangu aolewe. Alimtazama yule, akatutazama sisi, akaguna. Akaenda naye mpaka tuta la mwisho la viazi na kumweka pale.

"Hili nimewapa," alisema. "Wakivuka kuja kwenye hayo mengine naponda, mgeni asiwe mgeni."

Kilichobaki kuninyima raha kilikuwa ngumi ya Naomi. Nilikuwa nimemweleza yote, kuhusu unga na taa, naye aliitikia vizuri kabisa na kunirudia maelezo yote kama mtihani. Mkono ukabaki umekunjwa. Nikaelewa kwamba maneno yangu hayatoshi, kwa kuwa mimi sikuwa mwenye vibuyu. Nikarudi Musoma kwenye nguo za watu na hilo likinifuata.

Niliporudi mwezi uliofuata, vibuyu vilikuwa vinaning'inia kwenye uzio wote. Vingine shingo zilikuwa zimeshajipinda vizuri, kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha Babu na kofia yake. Bibi alinizungusha kama Babu anavyozungusha wageni kwenye taa. Miiba alikuwa ameitoa. Juu kabisa, karibu na paa la jiko, kulikuwa na kichanga kimoja kilichochelewa, bado laini, bado na ua lililonyauka kwenye ncha.

Akamwita Naomi. Mtoto alikuja mpaka pale miiba ilipokuwaga na kusimama. Bibi akamwambia apite, akapita. Akamshika ule mkono wa kulia, akaufungua taratibu, kidole baada ya kidole, mpaka kile cha shahada kikabaki peke yake kimenyooka.

"Kile cha juu sikioni vizuri, macho yangu yamezeeka," alisema. "Nionyeshe kiko wapi."

Naomi alitikisa kichwa. Alijaribu kukunja, Bibi hakumwachia.

"Na kikianguka, bibi?"

"Kikianguka nimekosa mimi. Nilikosaga mimi tangu mwanzo, nikakuachia wewe. Nionyeshe."

Nilikuwa nimeshika uzio kwa mikono miwili. Mkono wa mtoto ulikwenda juu polepole, Bibi akiushikilia kwenye kifundo. Kidole kikanyooka kwenye kile kichanga. Bibi akasema haya, na hiki? Naomi akaonyesha. Na kile kikubwa kama kichwa cha babu yako? Akaonyesha, na safari hii akacheka. Wakazunguka uzio wote hivyo, mpaka Bibi alipouachia mkono na mtoto hakuona kwamba umeachiwa.

Mimi nililia waziwazi, sina cha kuficha. Babu kwenye kigoda chake akaongeza sauti ya redio.

Kile kichanga hakikuanguka. Naomi alikwenda kukiangalia kila asubuhi kabla ya shule, na kila nikipiga simu kutoka Musoma, habari ya kwanza ninayopewa ni ya kichanga, ndipo nasalimiwa. Hicho ndicho Bibi alichokiacha kikauke kwenye mche kwa ajili ya mbegu, na mbegu zake amezifunga kwenye kitambaa akampa Naomi azitundike mwenyewe juu ya moshi wa jiko. Mimi nimepata kile cha shingo iliyojipinda vizuri. Sendofu imebaki wiki mbili, na Bibi ameshanionya kwamba akisikia nimekifanya pambo kama Sabina atakuja kukichukua. Kumbe alikuwa anajua.

Jana usiku tulikuwa tumekaa kula, kofia ya Babu ikiwa imeshatolewa kwenye taa na kurudi kichwani. Bibi alichukua kibuyu kipya, akakitikisa, akauliza nani anataka maziwa. Kulwa alikuwa mdomo umejaa. Kabla yeyote hajajibu, Naomi alishanyoosha kidole juu kabisa, kama darasani, mpaka akainuka kwenye mkeka.